Pombe haiishii kwenye ini

Ndugu Mhariri,

Kila sikukuu zinapokaribia, kurasa za afya katika magazeti yetu hurudia somo lile lile: pombe huingia tumboni, hupita kwenye damu, ini huishughulikia, kwisha. Somo hilo si uongo, ila limekatwa kichwa. Anayepepesuka njiani usiku hapepesushwi na ini. Kinachompepesusha kinatendeka ndani ya fuvu, na humo ndani mna vimeng'enya vinavyoigeuza pombe papo hapo, ndani ya seli za ubongo, bila kulingoja ini. Tunaandika kuomba kipande hicho kirudishwe kwenye somo, kwa sababu kukosekana kwake kumezaa imani tatu zinazoumiza watu: kwamba anayebeba pombe hana neno, kwamba kahawa inakata ulevi, na kwamba dawa ya kumwachisha mtu pombe inaweza kutiwa kwenye mchuzi wake kimyakimya.

Ini kwanza, kwa ufupi. Kimeng'enya kiitwacho alkoholi dihaidrojenesi (ADH) huigeuza pombe kuwa asetaldihaidi, ambayo ni sumu kali. Kingine, aldihaidi dihaidrojenesi (ALDH), hasa kile cha ndani ya mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, kinachojulikana kama ALDH2, huigeuza asetaldihaidi kuwa asetati, jamaa ya siki. ADH hulemewa mapema. Pombe kidogo tu ikishafika kwenye damu, kimeng'enya tayari kiko kazini kwa nguvu zake zote, na kuongeza glasi hakukiongezei mwendo. Ndiyo maana mtu wa kilo 70 huondoa takriban gramu 7 za pombe kwa saa, awe amekunywa chupa moja au sita. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Bia nne ni gramu 80, yaani kazi ya zaidi ya saa 11. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku bado ana pombe mwilini saa moja asubuhi, wakati wengi wameshawasha gari au pikipiki.

Tupande sasa kichwani. ADH ya aina ile inayofanya kazi kwenye ini ni kama haipo ndani ya ubongo, na kwa miaka mingi ilionekana kwamba pombe huulewesha ubongo ikiwa pombe ile ile iliyomezwa, kwa kugusa vipokezi vya seli za neva. Huongeza nguvu ya vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, na hudhoofisha vipokezi vya NMDA, vile vinavyochochea. Hilo bado ni kweli, na kwa vipimo vikubwa vya pombe ndilo lenye uzito zaidi. Lakini ubongo una njia zake za kuichoma pombe. Kubwa kuliko zote ni katalesi, kimeng'enya kinachotumia haidrojeni peroksidi inayozalishwa na seli zenyewe katika shughuli zao za kila siku. Vipimo vya tishu za ubongo wa panya vilivyochapishwa mwaka 2006 viliipa katalesi takriban asilimia 60 ya kazi ya kugeuza pombe kuwa asetaldihaidi ndani ya ubongo, na kingine kiitwacho CYP2E1 kikachukua karibu asilimia 20.

Kiasi chenyewe ni kidogo sana ukilinganisha na kinachopita kwenye ini, na hapo ndipo wengi hukidharau. Jambo la kuangalia ni mahali. Asetaldihaidi iliyomo kwenye damu haiingii kichwani kirahisi, kwa sababu kuta za mishipa midogo ya ubongo zina ALDH yake inayoinasa mlangoni. Inayotengenezwa ndani ya ubongo haina mlango wa kuvuka. Imezaliwa mle mle, jirani na seli itakazozigusa.

Inafanya nini huko? Jibu la kwanza lilipatikana kwa kuzima kimeng'enya na kutazama tabia. Panya waliochomwa sindano ya aminotriazoli, kemikali inayoizima katalesi, kisha wakapewa pombe, hawakuchangamka wala kukimbiakimbia kama wenzao, ingawa pombe kwenye damu yao haikuwa pungufu. Jaribio lenye nguvu zaidi lilifanywa nchini Chile kwa panya waliozalishwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu wanapenda pombe. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba walitumia kirusi kilichotengenezwa maabara kubeba amri ya kuizima katalesi, wakakipenyeza kwenye eneo la ubongo linalohusika na raha na hamu, lile linalotoa dopamini. Unywaji wa hiari wa panya hao ulishuka kwa hadi asilimia 95. Ini lao halikuguswa. Kwa mwanzo wa ulevi, basi, ile hatua ya kuchangamka, kuongea sana na kutaka moja zaidi, sehemu ya utamu inaelekea kutokana na asetaldihaidi iliyotengenezwa na ubongo wenyewe.

Jibu la pili ni la mwaka 2021, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Timu ya Li Zhang, wa taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti madhara ya pombe, pamoja na wenzake, ilichunguza mahali ALDH2 inapokaa ndani ya ubongo. Waliikuta kwenye astrositi, zile seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia seli za neva, hasa katika serebela. Serebela ni kile kipande cha ubongo kilicho kisogoni kinachoratibu mizani, hatua za miguu na ulaini wa mikono. Askari wa barabarani huko Marekani anapomwambia dereva atembee kwenye mstari hatua tisa, kisigino kikigusa ncha ya kiatu, kisha ageuke, anachokipima ni serebela.

Watafiti walitengeneza panya wa makundi mawili. Kundi moja liliondolewa ALDH2 kwenye ini, jingine liliondolewa kwenye astrositi. Kisha wote wakapewa pombe kwa kipimo kidogo. Kwa panya wa kawaida, asetati ilipanda ndani ya serebela, GABA ikapanda pia, utulizaji wa kudumu wa seli za neva ukaongezeka, na mnyama akapoteza mizani. Kwa wale wasio na ALDH2 kwenye astrositi, mnyororo huo ulikatika: asetati ya serebela haikupanda, GABA haikupanda, na mizani haikuharibika kama kwa wenzao. Kwa wale waliokosa ALDH2 kwenye ini pekee, asetati ya serebela iliendelea kutengenezwa kama kawaida. Kwa maneno mengine, kuyumba kwa miguu baada ya pombe kidogo kulitegemea kimeng'enya kilichomo kisogoni.

Tuweke mipaka hapo hapo kabla muuza dawa hajaitumia habari hii kutengeneza tangazo. Hao ni panya. Kipimo kilikuwa kidogo. Aliyemaliza nusu chupa ya pombe kali ya asilimia 35 ana pombe ya kutosha kuvigusa vipokezi vyake moja kwa moja, na hakuna kimeng'enya cha kumwokoa. Tena matokeo yalitofautiana kwa eneo la ubongo, kwa hiyo mtu asichukue habari za mizani akazihamishia kwenye hasira, usingizi au kusahau.

Kwenye kusahau na kukumbuka, kwa kweli, ini linarudi mchezoni kwa mlango mwingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asetati inayotoka kwenye ini hufika ubongoni kwa damu, na huko kimeng'enya kiitwacho ACSS2, kilichomo ndani ya viini vya seli za neva, huitumia kubadilisha ufungaji wa jeni katika hipokampasi, eneo la kumbukumbu. Panya walioondolewa ACSS2 katika eneo hilo hawakujifunza kukipenda chumba walichopewa pombe, ilhali wenzao walikirudia. Yeyote aliyeacha pombe na bado anapandwa na kiu akipita tu mbele ya baa yake ya zamani anajua tunachokisema. Haidhuru basi ini lina nguvu kiasi gani; ini lenye bidii linapeleka asetati kwa bidii.

Sasa kahawa. Asetati inapotumiwa na seli, hatua moja ya kazi hiyo huacha mabaki yanayozalisha adenosini, na adenosini huleta usingizi na uzito wa mwili. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini. Kwa hiyo kikombe cha kahawa chungu kweli humfumbua macho mlevi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kafeini haiondoi GABA iliyozidi kwenye serebela, haimwongezei ADH kasi, na haishushi hata miligramu moja ya pombe kwenye damu. Tanzania na Kenya zimeweka kikomo cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu kwa dereva wa gari la kawaida, na kahawa haimshushi mtu chini ya kikomo hicho. Anayetoka baa akiwa na usingizi huenda akaamua kulala kwenye gari. Akinyweshwa kahawa anaamua kuendesha, akiwa na miguu na mikono ile ile ya mlevi. Maji ya baridi kichwani yana kasoro hiyo hiyo. Maziwa na chakula kizito husaidia vikitangulia, kwa kuchelewesha pombe kutoka tumboni. Baada ya chupa ya tatu vimechelewa.

Kuhusu kubeba pombe, hapa tungependa wahariri wa kurasa za afya wawe wakali zaidi. Sifa ya mtu anayekunywa sana na asionekane amelewa imekuwa kama cheo kwenye vijiwe. Kibayolojia, kutoonyesha dalili hakumaanishi kwamba pombe imetoka mwilini. Kuna vimeng'enya vya ubongo ambavyo haviigusi pombe kabisa, kazi yake ni kuvirekebisha vipokezi ili seli ziendelee na kazi pombe ingali ndani. Kimoja kinaitwa Fyn, ambacho huongeza fosfati kwenye vipokezi vya NMDA. Panya wasio na Fyn, kama ilivyoripotiwa mwaka 1997, walipopewa pombe walilala muda mrefu kuliko wenzao, kwa sababu ubongo wao haukuweza kujirekebisha. Kingine ni protini kinesi C ya aina ya epsiloni. Panya waliozaliwa bila hiyo, katika utafiti wa mwaka 1999, walilewa upesi na kwa hiari yao wakanywa takriban asilimia 75 pungufu. Anayelewa upesi hunywa kidogo, na kinyume chake ni kweli pia.

Kwa binadamu, ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Marc Schuckit wa San Diego, California. Alipima namna vijana wa kiume wanavyoitikia kipimo kile kile cha pombe, kisha akawafuatilia kwa takriban miaka kumi. Kati ya waliokuwa na baba mlevi, wale walioonyesha dalili chache siku ya kipimo walikuja kuwa walevi kwa asilimia 56, na wale walioonyesha dalili nyingi kwa asilimia 14. Kijana anayesifiwa kwamba anabeba ndiye wa kuangaliwa.

Wapo waliojaliwa breki ya asili. Katika China, Japani na Korea watu wengi wana ALDH2 iliyobadilika na isiyofanya kazi vizuri. Wakinywa, asetaldihaidi hurundikana, uso huiva, moyo huenda mbio, na wengi huishia hapo. Kwetu Afrika badiliko hilo ni nadra mno, kwa hiyo mnywaji wa huku asitegemee mwili umwonye mapema.

Breki hiyo hiyo inaweza kuwekwa kwa kidonge, na hapa tunafika kwenye jambo zito. Dawa inaitwa disulfiramu. Kemikali hiyo ilikuwa ikitumika kwenye viwanda vya mpira kabla Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark hawajaipeleka hospitali mwaka 1948. Huizima ALDH. Akinywa pombe, mtumiaji huwa kama yule wa Japani, ila kwa ukali zaidi: uso kuwaka, kichwa kugonga, kutapika, shinikizo la damu kuanguka, na kwa mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Msomaji mwepesi atauliza: kama ALDH2 ya serebela ndiyo inayotengeneza asetati ya kuyumbisha, je, disulfiramu haitamzuia mtu kuyumba? Haitafaa. Kidonge hakichagui seli; kinazima cha kwenye ini pia, na asetaldihaidi ya damu itamwangusha kabla hajapata nafasi ya kujipima mizani.

Ikitolewa ipasavyo, mgonjwa mwenyewe amekubali na ameelezwa, dozi haianzi kabla ya kupita saa 12 tangu mnywo wa mwisho, na waganga wengi hungoja saa 24. Kawaida ni miligramu 250 kwa siku, na hata wiki mbili za mwanzo haipandi zaidi ya miligramu 500. Vipimo vya ini huchukuliwa kabla ya kuanza, vikarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa dawa hii inaweza kuliunguza ini lenyewe. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, inasimamishwa siku hiyo hiyo. Haifai kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo wala aliyewahi kuchanganyikiwa akili. Sababu ya hilo la pili iko ubongoni: disulfiramu huzima pia kimeng'enya kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, na dopamini ikizidi mtu anaweza kuona na kusikia visivyokuwepo. Ikikutana na metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, hatari hiyo huongezeka. Ikikutana na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, mgonjwa anaweza kuanza kuyumba na kubadilika akili bila tone la pombe. Kifua kikuu huwapata zaidi wanywaji wa muda mrefu, kwa hiyo swali la dawa za TB liulizwe kabla ya lolote.

Mama au mke anayetia kidonge hicho kwenye uji bila mwenyewe kujua hawezi kumwonya kuhusu dawa ya kikohozi yenye kilevi, dawa ya kusukutulia kinywa, wala bia ya saa kumi jioni. Na akishtuka na kuacha leo, ALDH ya mtu yule inaweza kubaki imezimwa hadi siku 14. Uchungu wa familia tunauelewa. Njia hiyo inaua. Hizo poda zisizo na jina zinazouzwa kwa ahadi ya "kumkatisha pombe bila kujijua" ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata daktari wa zamu hatajua amtibu kwa sumu ipi.

Tumalizie na kimeng'enya ambacho hakizimwi na dawa bali na njaa. Ubongo huchoma sukari kwa vimeng'enya vitatu vinavyohitaji vitamini B1, yaani thiamini: pairuveti dihaidrojenesi, alfa-ketoglutareti dihaidrojenesi na transiketolesi. Akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki chache tu, takriban miligramu 30 kwa jumla. Anayekunywa gongo au chang'aa kila siku, akila kidogo, haiongezi akiba hiyo, na pombe yenyewe huizuia thiamini isifyonzwe na utumbo. Matokeo ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kushindwa kugeuka, na kuyumba. Dalili hizi tatu huonekana pamoja kwa wachache, kwa hiyo moja au mbili zitoshe kutia shaka.

Kosa linalojirudia ni kumwona mtu huyu akiyumba na kusema amelewa, alale zitamtoka. Tofauti iko kwenye saa. Ulevi wa kawaida unaisha kwa hesabu ya gramu 7 kwa saa. Anayeyumba siku ya pili au ya tatu bila kunywa hajalewa. Kosa la pili hutokea kituoni: anatundikiwa dripu ya glukosi peke yake. Sukari ikiingia, vimeng'enya vile vinaitisha thiamini isiyokuwepo, na kidogo kilichobaki kinamalizika. Thiamini itangulie, au ziingie pamoja ikiwa sukari imeshuka na haiwezi kungoja. Kwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu kipimo ni miligramu 500 kwenye mshipa, zikipitishwa polepole kwa dakika 30, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu za mwanzo, kisha miligramu 250 kwa siku. Vidonge havitoshi hapa. Kichupa cha sindano ya mchanganyiko wa vitamini B kisomwe lebo kabla ya kuaminiwa, ijulikane kina miligramu ngapi za thiamini. Na kama thiamini imetolewa na mgonjwa hasogei, yaangaliwe madini ya magnesi. Vimeng'enya hivyo haviendi bila madini hayo.

Tahadhari ya mwisho ni kwa anayelazimika kuzimua kila asubuhi ili mikono isitetemeke. Ubongo wake umeshajipanga kwa ajili ya pombe, vipokezi vya kutuliza vimepungua na vya kuchochea vimeongezeka. Asifungiwe ndani akatazwe ghafla. Mtetemo huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege laweza kuja ndani ya saa 48, na kuweweseka kwenye kuua kati ya saa 48 na 96. Apelekwe penye diazepamu (dawa ya kutuliza na kuzuia degedege), thiamini na mtu wa kumwangalia usiku wa pili na wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko wa kwanza.

Wenu,
Walimu wawili wa bayokemia na famasia,
Dar es Salaam